Mti wa Epo Umenifanya Kibarua

Mwembe hauna maneno, jamani. Unakula embe, unatupa kokwa nyuma ya choo, unaendelea na maisha yako. Miaka inapita. Siku moja unainua kichwa, kuna kivuli. Watoto wamefunga bembea, kuku wamepanda kulala, embe zinadondoka zenyewe juu ya bati usiku wa manane mpaka unadhani ni vibaka. Nani aliupalilia? Hakuna. Nani aliupiga dawa? Hakuna. Mpapai ndiyo usiseme, unaota kwenye mtaro wa maji machafu na unazaa kwa kiburi. Mimi nimekulia Mbagala na miti ya aina hiyo. Miti yenye adabu. Sasa niambieni, nani alinituma kupanda epo?

Hesabu tu ndizo zilizonituma.

Nilihamishiwa Njombe kikazi. Njombe hii iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mimi huko kwenye usawa wa bahari ndiko kwetu. Ikifika Juni, ukiongea moshi unatoka mdomoni. Usiku kipimajoto kinashuka chini ya digrii 10 bila kumuuliza mtu. Mimi nalala na sweta, soksi na koti la kazini. Wenyeji wanapita barabarani na ndala. "Kamwene!" wananisalimia, wanacheka, wanaenda zao. Nikasema hapana, baridi hii haiwezi kunitesa bure. Lazima inilipe.

Gengeni epo moja ni buku. Ile ndogo iliyochoka, jero. Nyingi zinatoka Afrika Kusini, zimesafiri kuliko mimi. Nikatoa simu, nikafungua kikokotoo. Mti mmoja tuseme epo mia. Epo mia mara buku, laki moja. Miti kumi, milioni. Uwanja wangu unaingia miti ishirini ukivunja banda la kuku. Nikaanza kumtazama mkuu wangu wa idara kwa huruma.

Nikaanza na mbegu, maana mbegu ni bure. Tulikula epo, nikazifukia mbegu kwenye kopo la rangi, nikamwagilia. Kimya. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, ana epo, peasi na plamu nyuma ya nyumba, na ana muda wote wa dunia wa kuegemea uzio. Nikamwambia, "Shikamoo Mwalimu, mbegu zako za huku zimelala." Akasema marahaba, mbegu ya epo lazima kwanza ikae kwenye ubaridi na unyevu wiki kadhaa, ndipo iamke. Iweke kwenye friji. Nikaweka kwenye friji, ndani ya kitambaa kibichi, karibu na nyanya. Mama watoto akatupa kitambaa. Nikaweka kingine, nikaandika karatasi: USIGUSE, MRADI. Ikabidi nieleze mradi wenyewe ni nini, na nyumba nzima ikacheka.

Basi zikaota. Vijani viwili viwili, vizuri kabisa. Nikamwita Mwalimu aje aone. Akaja, akaona, akasema, "Hongera. Unajua lakini kwamba hutapata epo uliyokula?" Kumbe mbegu ya epo hairudii mama yake. Ua lilipata chavua ya mti mwingine, kwa hiyo kila mbegu ni mtu mpya na tabia zake. Unaweza kusubiri miaka sita, unaweza kusubiri hata kumi, halafu ukazawadiwa kitu kichachu ambacho hata mbuzi ananusa na kupita. Ndiyo maana zile epo za njano zinazoitwa Golden Delicious, duniani kote, zinatokana na mti mmoja tu uliokuwa Clay County, West Virginia, Marekani. Watu wamekuwa wakikata vijiti na kubebesha, wakikata na kubebesha, mpaka leo.

Mwalimu angeniambia yote hayo siku moja angepungukiwa nini? Lakini mwalimu ni mwalimu. Anafundisha kwa vipindi.

Na kinachouma ni ile epo ya kijani, Granny Smith. Inasimuliwa kwamba huko Sydney, Australia, miaka ya 1860, bibi mmoja aitwaye Maria Ann Smith alitupa mabaki ya epo, mche ukajiotea kwenye takataka zake, na mche huo ndio epo ya kijani inayouzwa dunia nzima kwa jina lake. Bibi katupa taka, kawa maarufu. Mimi nimetumia friji, kopo la rangi na heshima yangu, nikapata mche ambao watoto waliupiga na mpira siku ya pili.

Nikaenda kununua miche iliyobebeshwa. Bei sitaitaja kwa sababu mama watoto anasoma safu hii. Muuzaji wa kitaluni barabarani alikuwa mchangamfu sana, na mimi mtu mchangamfu akiniita bosi, huwa nalipa. Kila mche ulikuwa na kibandiko. Juu kimeandikwa Anna. Chini kimeandikwa MM106. Nikajua Anna ni jina la mama mwenye kitalu, na MM106 ni namba ya risiti.

Mwalimu akacheka mpaka akashika uzio. Anna ndiyo epo yenyewe, ilizalishwa Israeli, kwenye kijiji cha ujamaa wao kinachoitwa Ein Shemer. MM106 ni mizizi, ni mti mwingine kabisa, ulitengenezwa na wataalamu wa East Malling na Merton kule Uingereza ili usiwe mkubwa sana na usiliwe mizizi na vidukari. Wamekata Anna, wakaibebesha juu ya yule Mwingereza. Kwa hiyo nimenunua miti miwili kwenye mfuko mmoja, nimelipia yote, na nimepewa onyo kwamba mmoja nisiulee.

Nisiulee! Tutafika huko.

Shimo ni futi mbili kila upande, kina futi mbili, ndani udongo wa juu na debe la samadi iliyooza. Njombe udongo ni mzuri, sitausema vibaya, lakini mgongo wangu ni wa ofisini. Nikachimba mashimo yale kwa siku ambazo sitazihesabu. Kisha nikapanda miche yangu vizuri, nikafukia mpaka shingoni ili isipate baridi. Ni ubinadamu tu. Mimi navaa makoti mawili, mche uvae udongo. Kesho yake Mwalimu kwenye uzio. "Kovu la kubebeshea liko wapi?" Nikamwambia nimelifunika, lilikuwa linaonekana vibaya, kama kidonda. Akafumba macho. Kumbe kovu linatakiwa libaki juu ya udongo, tena kwa kiganja kizima. Ukilifukia, Anna anatoa mizizi yake mwenyewe, hamtegemei tena Mwingereza, na mti unakuwa mkubwa utakavyo wenyewe. Nikafukua yote. Mvua inanyesha. Mwalimu ananisimamia na mwavuli, mwavuli upo juu yake.

Halafu yakaja maotea. Sikieni, mtu yeyote mwenye akili angefanya nilichofanya. Mche wangu wa pale karibu na bomba, juu una vijiti viwili vimesinyaa, havina raha. Chini, karibu na udongo, kimechomoza chipukizi kinene, kijani, kinapanda juu kwa kasi mpaka unakisikia. Wewe ungekilisha kipi? Nikakipa samadi yote. Nikakiwekea mti wa kuegemea. Tena nikachukua mkasi nikaviondoa vile vijiti vilivyosinyaa, kumpa kijana nafasi. Nikampiga picha. Mwalimu akaja, akatazama kwa muda mrefu, akavua kofia. "Umemkata Anna," akasema. "Umebaki unafuga Mwingereza."

Kosa langu hapo liko wapi? Mti wenyewe haukuandikwa.

Mingine ikaendelea kukua, Mungu mkubwa. Mwaka wa pili nikamuuliza Mwalimu mbona maua ni ya kuokoteza na hayashiki. Akaniuliza, "Mume wake yuko wapi?" Nikadhani ananiulizia mama watoto. Hapana, Anna. Kumbe Anna hajiwezi peke yake, anataka chavua kutoka kwa epo ya aina nyingine inayochanua wakati mmoja naye, na nyuki wa kuibeba. Hata nikipanda Anna hamsini, ni mtu yule yule mara hamsini, hawasaidiani kitu. Aina inayomfaa inaitwa Dorsett Golden, iliyopatikana Nassau, visiwa vya Bahama. Bahama! Huko hakuna hata siku moja ya baridi. Kwa hiyo sasa uwanjani kwangu nina mke Mwisraeli, mume wa Bahama, mizizi ya Uingereza na kibarua wa Mbagala, na kati yetu wote hakuna aliyezaliwa Njombe. Huu mti una masharti kuliko mwenye nyumba wangu wa zamani. Yule alitaka kodi ya miezi sita tu, na hakuwahi kuniambia nimtafutie mume.

Nikarudi kwa yule muuzaji mchangamfu. Akaniita bosi tena. Nikalipa tena.

Halafu kuna ile ya Aprili 2025. Mnakumbuka serikali ilipopiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi? Epo zikiwemo. Mimi nilisikia habari hiyo kwenye redio nikaruka mpaka chai ikamwagika. Siku yangu imefika! Nikavaa viatu vya ngozi, nikaenda gengeni. Nikamwambia dada wa genge kuanzia leo mimi ndiye Afrika Kusini yako. Akafurahi, akaniuliza nina epo ngapi kwa sasa. Nikamwambia kwa sasa nina majani. Epo Januari, Mungu akipenda. Akanitazama, akaendelea kupanga vitunguu. Nikasema hajui biashara, nikaanza kuandaa bei mpya, za jumla na za rejareja, kwenye daftari nililolipigia mistari kwa rula. Baada ya siku chache marufuku ikaondolewa. Sikuwa hata nimemaliza kupiga mistari.

Lakini tuje kwenye baridi, maana hapo ndipo heshima yangu ilipoishia.

Epo asili yake ni milima ya Tian Shan, Kazakhstan. Huko kuna theluji, na mti ukiona baridi unapukutisha majani, unalala. Sasa huu mti unahesabu. Una daftari lake ndani. Unahesabu saa za ubaridi, zile za chini ya digrii 7 hivi, na mpaka zitimie hauamki. Epo nyingi za Ulaya zinataka saa 800, 1,000, na zaidi. Anna na mumewe wanataka kama 300 tu au pungufu, ndiyo maana wanapelekwa kwenye nchi za joto. Nikamwambia bwana shamba, mkuu, kwa baridi hii niliyokula mimi, saa 300 si zilishatimia Juni peke yake? Akasema usiku ndiyo, lakini mchana jua la Njombe linawaka, mti unachanganyikiwa. Nusu unalala, nusu uko macho. Tawi hili lina ua, tawi lile lina tunda, lile pale lina majani ya mwaka juzi na halina habari. Kweli ndivyo ulivyokuwa.

"Dawa yake," akasema bwana shamba, "unyonyoe."

Nimnyonyoe nani? Mti. Majani yote. Kwa mkono. Akaniambia kule Indonesia, kisiwa cha Java, mji wa Batu karibu na Malang, hakuna baridi ya kulaza epo, na watu wanavuna mara mbili kwa mwaka. Wakishavuna, wanaunyonyoa mti majani yote kwa mikono, na matawi wanayavuta yalale badala ya kusimama. Mti unajiona uchi, unadhani baridi imepita, unachanua upya. Kwa maneno mengine, unaudanganya. Na mimi katika maisha yangu sijawahi kumdanganya mtu akakubali, sasa naambiwa nikadanganye mti.

Nikachagua asubuhi mapema ili majirani wasinione. Saa kumi na mbili, ukungu umeshuka, baridi inauma masikio. Koti nilikuwa nimelifua, nikajifunga kitenge cha mama watoto mabegani. Nikapanda stuli. Matawi nilikuwa nimeshayafunga mawe tangu jana yake kwa kamba za katani, ili yavutike chini, mawe yananing'inia pande zote. Nikaanza kunyonyoa. Jani moja moja, taratibu, maana ukivuta kwa hasira unang'oa na jicho la ua litakalokuja. Majani natia ndoo. Vidole vimeganda. Nikawa najisemesha. "Lala," nikauambia mti. "Lala, mama. Ni baridi. Huoni ni baridi?"

Nikageuka. Mama mkwe amesimama getini.

Katoka Kyela na basi la usiku, hakutoa taarifa. Ana gunia la mchele, ana mkungu wa ndizi, na dereva wa bodaboda yuko nyuma yake, amezima pikipiki aone vizuri. Mama mkwe ni mtu wa kakao na maembe. Kwao mti haunyonyolewi. Nikashuka kwenye stuli, kitenge kikanasa kwenye jiwe, jiwe likazunguka likanigonga kwenye kisogo.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Akayatazama mawe. Akaitazama ndoo.

"Baba," akasema polepole, "nani kakufanyia hivi?"

Nikaeleza. Na ninyi mtanisaidia, ningeeleza vipi? Nikamwambia mama, hakuna tatizo, nauambia mti kwamba ni wakati wa baridi. Akasema unauambia nini? Nikasema yaani mama, naudanganya. Una daftari, unahesabu. Naunyonyoa ili udhani umelala uamke, uweze kuzaa na yule mume wake wa Bahama. Dereva wa boda akatoa simu mfukoni. Mama mkwe akaniwekea mkono begani, akanishika kwa upole mwingi sana, upole ambao hajawahi kunionyesha tangu nilipe mahari, akasema, "Twende ndani ukapumzike, mwanangu."

Saa nne wakaja akina mama wa jumuiya. Saa nne na nusu mwinjilisti. Nikatolewa nje, nikawekwa kwenye stuli ile ile, pembeni ya mti ule ule, nusu umenyonyolewa nusu bado. Wakauzunguka. Wakaimba. Mmoja kaweka mkono kichwani kwangu, mwingine kaweka kwenye shina. Mwinjilisti akaniuliza kwa sauti ya kunitia moyo, "Mawe haya, ndugu, ulipewa na nani?" Nikasema bwana shamba. "Huyo bwana anaishi wapi?" Mwalimu alikuwa kwenye uzio muda wote. Yeye anajua Java, anajua kunyonyoa, anajua mawe. Angesema neno moja tu ningeachiwa. Akavua kofia, akainamisha kichwa, akasali nao.

Mti wa kwanza nikaumalizia usiku kwa tochi.

Na ukachanua! Wiki chache tu, maua meupe yenye rangi ya waridi, mti mzima, tawi mpaka tawi. Sikutegemea mwenyewe. Nikatoka na kifua mbele. Nikawakuta akina mama wa jumuiya wamejaa uwanjani wanapiga vigelegele. Maombi yamejibiwa. Mti uliofungwa umefunguliwa. Jumapili ushuhuda ulitolewa, nikasimamishwa watu wanione. Bwana shamba hakutajwa, Java haikutajwa, vidole vyangu havikutajwa.

Nawaruhusu mnicheke kuhusu pamba pia, nimalize. Kabla ya maua yale kulikuwa na mti mmoja uliotoa vitu vyeupe laini kwenye matawi, vinapendeza. Nikajua huu umewahi wenzake. Nikapiga picha, nikatuma kwenye grupu la WhatsApp la ukoo: "Epo za baba yenu zimechanua." Shangazi wa Morogoro akatuma maua na mikono ya kupongeza. Mwalimu akanionyesha: ni vidukari, vinajifunika sufi nyeupe vikinyonya utomvu. Ukivibonyeza vinatoa rangi ya damu. Nikamwambia si ulisema Mwingereza haliwi na vidukari? Akasema mizizi ndiyo haishambuliwi, Anna aliyeko juu kila mtu na lwake. Basi nikaingia kazini na sabuni ya unga, maji na mswaki. Nasugua tawi kwa tawi. Mtoto wa jirani akakimbia kwao: "Baba wa pale anaupiga mti mswaki!" Kwenye grupu la ukoo sijafuta picha. Shangazi bado anaulizia mavuno.

Matunda yakashika, kila kishada vitano, sita. Nikaanza kuhesabu. Bwana shamba akapita, akasema ondoa, acha kimoja kimoja kila kishada, na katikati ya kimoja na kingine kiasi cha shibiri. Vinginevyo vyote vitakuwa vidogo na matawi yatavunjika. Jamani. Mimi kila tunda nimeshaliandika buku. Nichume noti nitupe chini? Nikachuma viwili mkono ukagoma. Nikasema Mungu aliyevitoa anajua kuvilisha. Hakuvilisha. Vikabaki saizi ya ndimu, tawi la upande wa choo likakatika usiku kwa mlio mmoja, na vilivyobaki vikavamiwa na wale ndege wa kijivu wenye kishungi na mikia mirefu, wanaotembea kundi zima. Wale ndege wangekuwa wanakula epo moja wakaimaliza nisingelalamika. Hawamalizi. Wanaonja. Kila epo tobo moja, wanaenda nyingine, wanalinganisha.

Mti ule wa maombi ndio ulioponea kidogo, kwa sababu mama watoto alipunguza matunda nikiwa kazini na akaufunika na chandarua cha mbu. Epo zake zilikuwa kubwa, nyekundu upande wa jua, njano upande wa pili. Nzuri kweli. Nikatamani kuchuma moja. Mama mkwe, ambaye hakuwa ameondoka tangu siku ile maana aliogopa kuniacha peke yangu na watoto, akanishika mkono. Malimbuko, baba. Mazao ya kwanza yanapelekwa kanisani. Tena mti huu, mti wenye ushuhuda! Wote? Wote.

Mnajua mambo ya kanisani kwetu. Baada ya ibada kuna mnada wa mazao nje, pale chini ya mti. Kuku, mahindi, viazi, mayai. Zikaja epo zangu nne kwenye sahani ya udongo, sahani yetu, naitambua. Mnadishaji akazinyanyua. "Epo za maombi! Tuanze na buku!" Nikanyoosha mkono haraka, nichukue kwa bei hiyo nirudi nyumbani. "Buku mbili," sauti nyuma. Naigeukia, Mwalimu. Mwalimu mwenye epo zake nyumbani! Buku tatu, nikasema. Tano, akasema. Watu wakaanza kupiga makofi. Mama mkwe ananitazama. Mwinjilisti ananitazama. Nikatoa msimbazi mzima, ile noti nyekundu ya umeme wa mwezi, nikapewa epo nne nilizozichimbia shimo, kuzinyonyolea, kuzipigia mswaki na kuzifukuzia ndege. Mwalimu akanipa mkono. Eti alikuwa analisaidia kanisa.

Nyumbani tukakata. Ni tamu, sitadanganya, chachu kidogo mwishoni, inalia kwenye meno. Mtoto wangu wa mwisho akaigeuza yake, akaigeuza tena, akaniuliza, "Baba, mbona haina stika?" Akaiweka mezani. Ikabadilika rangi ikawa ya kahawia pale pale, na mama watoto akasema za gengeni hazifanyi hivyo, jambo ambalo si kweli, lakini nani atabishana.

Mama mkwe yeye alikula taratibu, akamaliza, akazikusanya mbegu zote za epo zote nne, akazifunga kwenye pindo la khanga. Za kupanda Kyela.

Kyela! Kando ya Ziwa Nyasa, mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, joto la kukausha samaki. Na ni mbegu, haziwezi kurudia mama yao. Na hata zikiota hazitaona saa moja ya baridi mpaka mwisho wa dunia. Yote hayo nilikuwa nayajua, kwa mara ya kwanza nilikuwa najua kitu kabla ya Mwalimu kukisema. Nikafungua mdomo. Mama watoto akanikanyaga mguu chini ya meza. Mkwe haambiwi.

Aliziweka kwenye friji la mwenye duka huko kwao, kitambaa kibichi, kama alivyosikia. Zimeota. Sasa ananipigia simu kila Jumamosi kunisomea idadi ya majani, na mimi nasema safi sana mama. Juzi amesema mwakani ikifika Juni nisafiri mwenyewe, nishuke Makambako, nishike gari la Mbeya, nipite Tukuyu, niende nikamnyonyolee, maana nyumbani kwake mwenye utaalamu huo hayupo. Nibebe na mawe ya Njombe. Ya Kyela anahisi si mazito.

Nauli, amesema, ninayo mimi.